Mkono Wangu Nyuma ya Shati

Ufunguo wa programu yetu ulikuwa mdogo kuliko kidole gumba, mweusi, na makazi yake yalikuwa kwenye pindo la khanga ya mama mwenye duka. Ukiuchomeka kwenye kompyuta, programu ya kuchora darizi inafunguka. Ukiuchomoa, maneno mekundu yanatokea kwenye kioo na kila kitu kinasimama. Jioni mama aliuchomoa mwenyewe, akaufunga kwenye pindo, akalikaza fundo kwa meno na kwenda nao nyumbani. Asubuhi alilifungua kwa kucha mbele yangu, bila haraka, akiwa ananitazama mimi na siyo fundo.

Mimi ndiye niliyekuwa nachora na kuendesha mashine. Duka lilikuwa mtaa wa Mfaranyaki, fremu moja yenye mlango wa bati, na kazi yetu ilikuwa kudarizi nembo za shule, mashati ya kwaya, vitambaa vya harusi na majina ya watu kwenye mashuka. Barazani alikaa fundi cherehani, mzee wa Kimatengo kutoka Mbinga, aliyepanga ile sehemu kwa mama na kumlipa kwa mwezi. Tulikuwa watatu tu. Mama aliongea na wateja, fundi aliongea na wapita njia, mimi niliongea na mashine.

Nilimaliza darasa la saba nikaishia hapo. Kuandika kwangu ni kwa polepole, hata haya ninayoandika sasa yamenichukua muda. Tena naandika vibaya kwa namna moja ambayo haionekani: herufi zangu zinaanzia chini. Herufi O naianzia kwenye sakafu ya mstari nazunguka kwenda juu. Herufi L naanza na mguu wake, ndipo naipandisha. Mwalimu wa darasa la tatu alisimama nyuma yangu siku moja akasema, "Herufi za wenzako zinashuka, za kwako zinaota kama mahindi." Darasa zima lilicheka. Tangu hapo nikawa naficha daftari kwa mkono wa kushoto, na sijui kama niliacha kuwa na aibu hata mara moja.

Lakini kwenye darizi hakuna anayeona herufi imeanzia wapi. Ukichora kwenye programu, unaipangia sindano njia: ianzie hapa, ipite hapa, iruke iende pale. Mashine inafuata. Mbele ya shati herufi inakuwa safi, ya mtu aliyesoma. Nyuma ya shati ndiko kuna ukweli, kwa sababu uzi unaotoka herufi moja kwenda nyingine unaonekana umetoka juu au umetoka chini. Nilipenda kazi ile kwa sababu hiyo. Ilikuwa kazi ya kwanza ambayo mwandiko wangu haukunifanya nichekwe mbele ya watu.

Mama hakuwa mtu mbaya. Niseme hivyo mapema. Lakini fundi wa kompyuta aliyetuwekea programu alimwambia kwamba ufunguo ukipotea, hapewi mwingine, itabidi anunue programu upya. Halafu, akiwa anakunja waya zake, akaongeza kwa kucheka, "Ila wapo wanaojua kuichakachua, mama. Angalia sana." Neno hilo lilimwingia. Kuchakachua yeye alikujua kwa petroli iliyotiwa mafuta ya taa, kitu kilichoua bodaboda ya mdogo wake. Sasa akawa anaona kwamba hata programu inaweza kuchanganywa na kitu kisichoonekana. Kila mteja aliyekuja na flashi alimwambia aiache nje kwa fundi cherehani. Fundi alikuwa anazipokea, anaziweka kwenye kopo la vifungo, anasema, "Mwingine kaacha silaha yake hapa."

Kisha likafunguliwa duka lingine la darizi, mtaa wa Lizaboni. Tulisikia kwa wateja. Ni la kijana aliyetoka Tunduru, mashine yake ni kama yetu, bei yake iko chini. Mama akauliza inakuwaje iwe chini. Mteja akasema hajui, labda kijana hajaoa. Mama hakucheka.

"Mimi nimenunua, yeye kaokota," akaniambia mteja alipoondoka. "Programu kama ile huwezi kuinunua halafu ukauza kwa bei hiyo. Ufunguo kautoa wapi?"

Nikasema sijui.

"Sijasema unajua," akasema, na akaendelea kunitazama.

Kulikuwa na kwaya moja iliyotuletea mashati meupe, nembo yake njiwa mwenye tawi mdomoni na jina la kwaya limezunguka. Niliichora siku nne. Katibu wa kwaya alifurahi, akaahidi kwamba mashati ya vijana wa kwaya yatafuata baada ya mavuno. Mavuno yakapita. Mahindi yakashuka kutoka vijijini, mvua za kwanza zikakaribia, na katibu hakuja. Mama akawa anampigia, simu inaita, haipokelewi. "Ananikwepa," akasema. "Mtu hamkwepi mwenzake bure."

Jumatatu moja mama alikuja na mfuko wa plastiki. Hakufungua fundo la khanga. Alitoa shati akalitandika juu ya mashine yangu. Lilikuwa la bluu, na kifuani kulikuwa na njiwa yuleyule.

"Hii kadarizi nani?"

"Ni yetu, mama," nikasema, kwa sababu njiwa nilimjua.

"Yetu? Sisi tulishona bluu?"

Hatukushona.

"Jana kanisani vijana wote wamevaa hizi. Hili nimeliazima kwa mtoto wa jirani. Zimetoka Lizaboni." Akageuka mlangoni. "Fundi! Njoo uone maajabu."

Fundi akaja na sentimita yake shingoni. Mimi nikafanya kitu nilichozoea kufanya kwa kila nguo ya darizi: nikaligeuza shati ndani nje. Nilitegemea kuona kazi ya mtu mwingine, aliyeangalia njiwa wetu akamwiga. Badala yake nikaona nyuzi za nyuma zinatoka chini ya kila herufi. O imeanzia sakafuni. L imeanza na mguu. Hata pale kwenye bawa, nilipokosea nikarudi nyuma mara mbili, palikuwepo, na kurudi kwenyewe mara mbili. Ilikuwa kama nimekuta picha yangu kwenye nyumba nisiyoijua.

"Ni mkono wangu," nikasema.

Nilikuwa na maana ya mwandiko. Nyumbani kwetu tunasema hivyo, mkono wa fulani ni mwandiko wake. Nilitaka kuendelea, nieleze habari ya herufi, niwaonyeshe. Lakini maneno yangu yakiwa mengi huwa yanasongamana mlangoni, na mama alikuwa ameshasikia alichosikia.

"Umemsikia, fundi? Mkono wake. Kasema mwenyewe, sijamlazimisha."

"Mama, siyo hivyo..."

"Siku ya msiba wa shemeji yangu nilikuachia ufunguo. Tangu asubuhi mpaka alasiri. Ni kweli au naongopa?"

Ilikuwa kweli. Siku ile moja tu.

"Hukumpa mtu akautia kwenye mashine yake, akatoa wa kwake kama huo?"

"Sikumpa mtu."

"Basi njiwa kaenda Lizaboni kwa mabawa yake." Akalikunja shati. "Mimi sipigi kelele na sikupeleki popote. Nakupa mpaka Jumamosi uniambie ulimpa nani. Usiponiambia, Jumatatu anakaa mtu mwingine kwenye hicho kiti."

Fundi alirudi barazani. Mchana alipokwenda kula kwa mama lishe, alibeba mkasi wake. Miaka miwili mkasi ule alikuwa ananiachia mimi, anasema, "Binti, nilindie mguu wangu wa tatu." Siku ile alikula wali na maharage mkasi ukiwa mapajani. Niliona kwa macho yangu kutoka dirishani. Ndipo nikaelewa kwamba hata mama akinifukuza, kazi siyo kitu kikubwa nitakachopoteza. Mfaranyaki watu wanajuana. Nitakuwa binti aliyeuza ufunguo.

Siku mbili nilimshuku kila mtu. Nilimshuku fundi wa kompyuta, kwa sababu siku aliyotuwekea programu alichomeka flashi yake mwenyewe na hakuna aliyemwambia aiache kwenye kopo. Nilimshuku katibu wa kwaya, kwa sababu alikuwa na tabia ya kusimama nyuma ya kiti changu. Nilimshuku mama mwenyewe, kwamba labda ameuza nembo kwa siri na sasa anataka kunibebesha. Usiku wa Jumanne nilimshuku hata fundi cherehani na lile kopo lake la vifungo. Nikiwa kazini nilihesabu mara ngapi kila mtu ameingia ndani na amesimama wapi. Nadhani hivyo ndivyo mama alivyokuwa anaishi kila siku, na sikuwa najua.

Jumatano mchana niliomba ruhusa kwamba naumwa tumbo, nikaenda Lizaboni kwa miguu.

Duka lilikuwa karibu na mahali wanapotengeneza simu. Mlango wazi, mashine inalia kama yetu, na kijana mrefu mwenye kofia ya kufuma amekaa anakata nyuzi. Nilisimama mlangoni. Akanitazama kuanzia miguuni.

"Karibu, dada. Umekuja kudarizi au kupeleleza?"

Sijui alijuaje.

"Sketi yako imejaa nyuzi," akasema. "Mteja haji na nyuzi, anaondoka nazo. Ingia, mimi siumi."

Nikaingia. Nikasimama mahali ambapo ningeweza kuiona kompyuta yake yote, ubavu huu na ubavu ule. Kulikuwa na waya wa umeme, waya wa kipanya, basi. Programu ilikuwa imefunguka, ileile ya kwetu, vitufe vilevile.

"Ufunguo wako uko wapi?" nikamuuliza. Hilo ndilo swali nililotoka nalo Mfaranyaki, nilikuwa nimelirudia njiani.

"Sina."

"Umeufichaje?"

Akacheka mpaka akaacha mkasi. "Wallahi sina. Hii imechakachuliwa. Nilipewa Tunduru na jamaa, naye kaipata mtandaoni. Unaona kompyuta hii? Sijawahi kuiunganisha na mtandao hata siku moja. Naiogopa. Aliyevunja kufuli la mwenzake bure bure, mimi kanipenda kwa lipi? Labda ameniwekea kitu humo ndani."

Sikujua kama niamini. Mtu anayekiri haraka hivyo huwa anaficha kingine. Nikamwambia kwamba kuna watu wamenunua kihalali na yeye anawaharibia bei.

"Najua," akasema, na sasa hakucheka. "Mimi nilinunua pia, dada. Siyo hii, ile ndogo, ya kampuni nyingine. Ilikuwa rahisi na ilinitosha. Mwaka mmoja, hao wakubwa wenye programu hii wakainunua ile kampuni, wakaifunga. Programu yangu ikakataa kuwaka, ikaniandikia nihamie kwao. Bei yao ningeuza na mashine nisingeifikia. Niliachiwa njia mbili, kuacha kazi au kuchakachua. Nisingekuwa na mama yangu Tunduru anategemea hiki ninachotuma, labda ningeacha. Labda." Akavuta shati jingine. "Sema ulichokuja kutafuta."

"Njiwa wa kwaya."

"Aa. Yule katibu."

Akatoa simu. Akanieleza akiwa anatafuta, kwamba katibu alitaka bango la kwaya, akaomba nembo dukani kwetu, akatumiwa. Mtu wa mabango akashindwa kuifungua, akamwambia hiki siyo picha, hiki ni kitu cha mashine ya darizi, nenda Lizaboni. Katibu akaenda. "Nikaiweka kwenye flashi, flashi nikaichomeka kwenye mashine, njiwa akashonwa. Hata programu sikufungua. Ndipo akaniuliza bei, akasema basi na mashati ya vijana unishonee wewe."

"Bila ufunguo?"

"Ufunguo wa nini? Ule unalinda kazi ya walioandika programu, wasiibiwe. Kazi yako wewe ikishatoka humo inatembea kama kuku. Nani kakuambia inalindwa?"

Akanigeuzia kioo. Ilikuwa picha ya kioo cha simu ya katibu, aliyorushiwa pamoja na nembo, na juu yake namba ya mtu wa kwanza aliyeituma. Namba ya duka letu. Nikaikumbuka siku ile vizuri kuliko nilivyotaka. Mama alikuwa anapima kitambaa na mteja, sindano mdomoni, akaniambia bila kugeuka, "Mtumie katibu nembo, anaihitaji." Sisi dukani nembo ni faili ya sindano, ile njia inayosomwa na mashine. Hatuna nembo nyingine. Nikachukua simu ya duka kwenye droo nikatuma nembo. Katibu yeye alitaka picha.

"Aliyemchora ni wewe?" kijana akaniuliza. "Zile herufi zinazotoka chini? Nilicheka, lakini ni nadhifu sana. Mimi uzi wangu unakatika kwenye O kila mara. Njoo ufanye kazi hapa. Huku hakuna wa kukukagua."

Nilimwangalia, nikageuka, nikaondoka. Hata kwaheri sikumwambia.

Nilifika Mfaranyaki alasiri nimelowa jasho. Mama alikuwa peke yake ndani, fundi yuko barazani anakanyaga cherehani. Nikafungua droo, nikachukua simu ya duka, nikapandisha meseji za katibu mpaka nilipoikuta, nikamkabidhi.

Alivaa miwani. Alisoma muda mrefu kwa meseji fupi vile.

"Hii nani katuma?"

"Mimi, mama. Ulisema nimtumie nembo."

"Nilisema?"

"Ulikuwa na sindano mdomoni."

Akasoma tena. Nikamweleza polepole kwamba faili ikishatoka kwenye programu haihitaji ufunguo, mashine yoyote inaishona. Nikalitoa lile shati la bluu kwenye mfuko wake, nikamwonyesha nyuma, herufi moja moja, nikamwambia huo ndio mkono niliosema. Aliweka kidole kwenye O. Niliona uso wake unatafuta mahali pa kushika.

"Kwa hiyo hakuna aliyeuchakachua."

"Hakuna, mama."

"Na hili la mashine yoyote, umelijua wapi?"

Nilijua swali linakuja. "Lizaboni."

"Ulikwenda kwake?" Akavua miwani. "Uliniambia unaumwa tumbo."

"Nilikwenda."

"Akakuambia nini kingine?"

Ningeweza kuacha. Lakini nikaona nikificha hata kimoja, nacho siku moja kitatandikwa juu ya mashine. "Aliniambia niende nikafanye kazi kwake."

"Ukamjibuje?"

"Sikumjibu."

"Kwa nini hukumjibu?"

"Mimi huwa sijibu, mama."

Alitaka kucheka, akajizuia, akanikagua kuanzia nywele mpaka sketi. Nilihisi shaka yake haijaondoka, imebadilisha kiti tu. Kisha akaisukuma simu ndani ya droo. "Haya, yameisha. Kaa, kuna vitambaa vya harusi vya Ijumaa."

Sikukaa. Sijui nguvu ilitoka wapi, kwa sababu nilikuwa nimeshika meza kwa mikono yote miwili. "Mama, uliyasema mbele ya fundi."

"Fundi ana shida gani?"

"Alisikia kwamba nimeiba."

Mama akatazama barazani, akaita kwa sauti ya kawaida, kama anaitisha chai. "Fundi, wewe Jumatatu ulisikia kitu hapa?"

Cherehani haikusimama. "Mimi? Masikio yangu yako kwenye hii pedeli, mama. Nasikia vyangu tu. Sikusikia lolote."

"Umeona?" mama akaniambia, na niliona amepumua. "Hakusikia."

Nikaenda mpaka mlangoni. Fundi alikuwa ameinamia suruali ya mtu, hanitazami. "Fundi," nikasema, "simamisha cherehani, usikie sasa."

Akaondoa miguu kwenye pedeli. Nikasikia bodaboda zikipandisha kilima. Mama alikuja akasimama nyuma yangu. Alirekebisha khanga begani, akasema akitazama barabarani, "Huyu binti hakuiba kitu. Nembo iliyokwenda Lizaboni niliagiza mimi itumwe."

"Nimesikia," fundi akasema.

Lakini alinitazama mimi, siyo mama, kwa jicho la mtu anayejiuliza nimemfanyia nini yule mwanamke mpaka akasema vile. Nikalivumilia lile jicho mpaka yeye akaangalia pembeni. Kisha nikaingia ndani, nikavuta kiti, nikaanza vitambaa vya harusi.